Nililia mume wangu kwa sababu ya kaboyi wawili

Baba watoto alikuwa dereva wa trela, Mombasa Kampala, na ugonjwa wake ulikuwa muvi za kaboyi. Akifika Busia hata kabla hajaoga anauliza flashi iko wapi. Mimi nilikuwa sizipendi, bunduki na vumbi tu, na vumbi nimeshiba nalo hapa boda.

Alikufa usiku, kati ya Iganga na Bugiri. Hakuna mtu aliyenipigia, ni mimi nilipiga asubuhi kumuuliza kama amefika, simu ikashikwa na taniboi wake, kijana wa watu analia tu hawezi hata kutamka.

Sasa hapa lazima nieleze kitu la sivyo hamtanielewa. Tuliishi miaka 14, watoto watatu, lakini kwetu hakuwahi kuja kujitambulisha rasmi na mahari haikutolewa. Kila mwaka ni mwaka ujao, mwaka ujao, mara ada ya shule, mara mama yake mgonjwa. Gomesi ya siku hiyo, lile gauni letu la sherehe, nilishanunua, ya kijani, iko kwenye nailoni yake mpaka leo. Kwa hiyo alipokufa wazee wa ukoo wakaniambia kwa upole kabisa, mama, wewe ni mama wa watoto wetu lakini hukuolewa. Alikuwa amesema azikwe kwenye kiploti chetu, pale kwenye mwembe. Wakampeleka kwao, milimani kule upande wa Mbale. Kwenye matanga nilikaa nyuma na majirani waliokuja na lori moja na mimi, majina ya familia yakasomwa, langu hakuna. Wakagawana nguo zake. Shati moja tu nilikuwa nimeificha chini ya magunia ya mukene, yaani dagaa, shati la drafti la kuendeshea, linanuka dizeli.

Sikulia. Watu walifikiri nina moyo mgumu, wengine nasikia walisema nimeshapata mwingine. Lakini utalia vipi wakati umeshaambiwa si msiba wako?

Baada ya miezi kama mitano hivi nikawa silali, saa nane usiku macho kodo. Nikaenda kwa kijana anayeweka muvi kwenye flashi pale karibu na stendi, nikamwambia nijazie kaboyi zote ulizo nazo, nilitaka tu nyumba iwe na ile kelele yake. Akajaza, shilingi elfu 5. Na nina uhakika yule kijana hakujua alichoniwekea, yeye aliona kofia na farasi akaburuta.

Hiyo moja inaitwa Brokeback Mountain, ni ya 2005, haina VJ wa kutafsiri kwa hiyo nilifuata kwa Kiingereza changu hiki cha sokoni. Vijana wawili, Ennis na Jack, wanapewa kazi ya kuchunga mlimani, mwaka 1963, na wanachunga kondoo! Nikacheka peke yangu maana najua baba watoto angepiga kelele, kaboyi gani wa kondoo. Halafu usiku mmoja wa baridi ndani ya hema ndio nikaelewa hii ni muvi ya nini. Nikazima. Nilikasirika kweli, niliona yule kijana amenifanyia mchezo, tena nikaenda kuhakikisha pazia limefunga. Hapa kwetu Uganda mnajua mambo yalivyo, tangu rais asaini ile sheria ya kupinga mapenzi ya jinsia moja mwezi wa 5 mwaka 2023 ni kifungo cha maisha, na hata kuonekana unayatangaza ni mpaka miaka 20. Mimi mwenyewe pale kanisani nilipiga makofi na wenzangu, sitadanganya.

Lakini kesho yake usiku nikawasha tena, sauti chini. Usingizi hakuna na nilitaka kujua wanaishia wapi.

Wanaishia kuoa wanawake, kila mtu na watoto wake, na kwa miaka kama 20 wanakutana kwa kuibia, ati wanaenda kuvua samaki. Na kila mara ni baadaye, baadaye, siku moja tutaona. Hiyo baadaye naijua mimi. Halafu Ennis anatuma kadi, inarudi imegongwa muhuri kwamba aliyeandikiwa ameshakufa. Anapiga simu, mke wa Jack anamwambia tairi lililipuka akilijaza upepo, anaongea kama mtu anasoma risiti. Kama ni kweli au aliuawa na watu, muvi inakuachia. Mimi niliganda na ile simu. Sikuona mwanaume wala mwanamke pale, niliona mtu ameshika simu na hana haki hata ya kupiga yowe kwa sababu yeye ni nani? Ni rafiki wa kuvua samaki.

Anaenda kwa wazazi wa Jack, maana Jack alitaka majivu yake yapelekwe mlimani. Baba mtu anakataa, atalala kwenye makaburi ya familia, basi. Banange, nilisimama, nikamtukana yule mzee kwenye tivii kama ananisikia.

Ila mama yake. Yule mama anamwambia apande chumbani kwa Jack akipenda, na kule kabatini Ennis anakuta mashati mawili kwenye henga moja, lake la zamani limo ndani ya lile la Jack. Anayakumbatia, anayanusa. Anashuka nayo mkononi, na yule mama haulizi kitu, anachukua mfuko wa karatasi anamwekea. Nilirudisha hapo mara nne au tano. Alijua. Hakusema neno na alimfungia mzigo wake. Mimi nilikuwa nasubiri mtu mmoja tu kwenye ule ukoo anifungie mfuko.

Nikalia hapo, nimeziba mdomo na shuka watoto wasiamke, mpaka muadhini akaadhini. Nililia yote, ya simu, ya lori, ya majina. Asubuhi macho yamevimba, mama wa nyanya jirani yangu sokoni akaniuliza vipi dada, nikamwambia nimelia mume wangu, akasema afadhali, tulikuwa tunakuogopa.

Siwezi kusema sasa nimekuwa mtu mwingine na naelewa kila kitu. Nikisikia mahubiri ya hayo mambo siku hizi sipigi makofi, najifanya natafuta kitu kwenye pochi, ni hivyo tu. Mara nyingine nafikiria hapa hapa mjini kuna mtu amezika mtu wake akiwa amesimama nyuma na majirani, na hata gunia la kuficha shati hana.

Mwisho wa muvi yale mashati Ennis ameyageuza, sasa lake ndilo liko nje limemkumbatia mwenzake. Kwa hiyo nilitoa gomesi kwenye nailoni, nikaingiza lile shati la drafti ndani yake, nikatundika. Juzi binti yangu alifungua kabati akitafuta soksi akaniuliza mama, kwa nini shati la baba limevaa gomesi. Nikamwambia funga mlango, vumbi linaingia.