Jibu nililompa bibi wa Champagney

Tangu Jumapili, neno moja nililolitamka mwenyewe limenikaa kooni. Mkataba wangu wa kazi umeongezwa na Rukia ameng'oka jino lake la kwanza, lakini fikra zangu zimebaki ndani ya kanisa la Champagney, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, ambako mimi na Baba Rukia tulikwenda kuitazama picha ya Mamajusi.

Bibi mmoja wa pale alitunyooshea kidole kwa Balthazar, mfalme mweusi wa pichani. Alisema wazee wa mji ule hawakuwa wamemjua mtu mweusi ila huyo, na kwamba tarehe 19 Machi 1789, walipoandika daftari la malalamiko yao kwa Mfalme Louis XVI, waliomba katika kifungu cha 29 utumwa wa watu weusi ukomeshwe, kwa kuwa wanadamu wenzao walitendewa ukatili kuliko wanyama wa mizigo. Kisha akanishika mkono, glavu yake ya sufu ikiwa imetoboka kwenye kidole gumba, akauliza ninatoka wapi.

"Kilwa."

"Je, watu wa kwenu walijua kwamba huku kuna waliowalilia?"

"Hapana, bibi."

Hapana! Nalirudia jikoni, nalirudia kwenye basi. Mfaransa tuliyemjua sisi ni Morice, ambaye mwaka 1776 alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe Île de France, yaani Mauritius ya leo. Hilo nilipaswa kumwambia, pamoja na lile linaloniuma zaidi, kwamba aliyekubali kuwauza alikuwa sultani wetu.

Jana usiku nilimsimulia Mama kwa simu. Akauliza, "Hao wakulima walisikilizwa?" Nikamweleza kwamba Ufaransa iliufuta utumwa mwaka 1794, Napoleon akaurudisha mwaka 1802, na haukukoma hadi 1848.

"Basi wengi wao walikufa hawajauona mwisho wake," akasema. "Rudi kwa huyo bibi, mwanangu, ukamweleza yote, ya Morice na ya sultani. Atakuelewa."

Kifua kikawa chepesi, nami nimeshamwomba Baba Rukia twende tena Jumapili ijayo. Ila Mama alikata simu kabla sijamuuliza habari za dawa zake za presha, ambazo kwa hesabu yangu zimebaki za siku nne, na tangu asubuhi simu yake haipatikani.