Siku moja na mwalimu wa kemia Bagamoyo: kazi yangu ni kugombana na maneno

Watu wakisikia nafundisha kemia wanadhani natoka kazini nywele zimeungua. Jamani hamna kinacholipuka. Shule yetu ni ya kata, maabara ni chumba kimoja chenye meza nne na kabati ambalo kufuli lake limegoma, na kazi yangu kubwa siku nzima ni maneno, yaani neno hilohilo mtaani lina maana hii na kwenye kemia lina maana ile. Hii ni Jumanne iliyopita.

Saa 11 alfajiri. Adhana, naamka, nawasha gesi. Siku mbili hizi moto ulikuwa unatoka wa njano badala ya bluu na sufuria zangu zote nyeusi tii, ikabidi nichukue sindano nizibue vitundu vya jiko, vilikuwa vimejaa mafuta ya maandazi. Hewa haitoshi basi gesi haiungui ikaisha, kaboni inabaki, ndiyo hayo masizi. Kwenye daftari tunaita mwako usiokamilika, mtoto anakariri halafu nyumbani kwao anasugua sufuria kila siku na hajui ni kitu kimoja. Na nyie mnaolala na jiko la mkaa chumba kimefungwa, acheni kabisa, kwenye mwako wa hivyo inatoka pia kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, hutaamka.

Saa 12 na nusu. Natoka, mama jirani kashapanga sabuni zake barazani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hebu chukua hii, ya kwangu mwenyewe, haina kemikali hata chembe." Nikamuuliza kaweka nini humo. "Mafuta ya nazi na kostiki." Sasa kostiki soda ni sodiamu haidroksaidi, ikikugusa mkono mtupu inakula ngozi, na hata maji ya kwenye ndoo yake ni kemikali, kila kitu chenye uzito unachokigusa ni kemikali. Ila nilikuwa nachelewa na mama mtu mzima huwezi kumbishia asubuhi asubuhi. Nikamwambia nitapita jioni.

Saa 2. Fomu wani, watoto sabini na kitu, madawati hayatoshi. Hawa miaka saba yote wamesoma sayansi kwa Kiswahili, Januari wameingia kwetu kila kitu Kiingereza. Wiki iliyopita niliwapa jaribio, nusu ya darasa wameandika sukari kwenye chai inamelti, badala ya kudizolvu. Nilipanda hasira kwanza halafu nikajifikiria, nyumbani tunasemaje? Sukari imeyeyuka. Siagi kwenye kikaango? Imeyeyuka. Barafu? Imeyeyuka. Tumetumia neno moja kwa mambo mawili! Siagi imepata joto ikatoka yabisi ikawa kimiminika, iko peke yake, haihitaji mwenzake. Sukari haikugeuka kimiminika, imesambaratika ndani ya maji chembe kwa chembe mpaka huioni, bila maji hakuna kitu. Vitabu vinasema kumumunyuka, nikawaandikia ubaoni, wananitazama tu. Nikawauliza pipi mdomoni unaifanyaje? Darasa zima: "Unaimumunyaaa!" Haya, basi ndiyo hilohilo, mate ni kimumunyishi, pipi ni kimumunyika, na ule utamu unaoumeza ni mmumunyo. Huyo aliyesahau hapo mi sijui nimfanyeje.

Tukaenda kwenye mchanganyiko na kampaundi. Nilikuwa na chupa ya maji ya bahari, tukayachemsha kwenye bika, ile glasi ya maabara, mpaka yakakauka, chumvi ikabaki nyeupe pembeni. Lita moja ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi, sisi tulitia robo lita tukapata kama vijiko vya chai viwili hivi visivyojaa. Kwamba tumeitoa kwa kukausha tu, hiyo inakwambia bahari ni mchanganyiko. Lakini chumvi yenyewe uikaushe usiikaushe hupati sodiamu wala klorini humo, hiyo ni kampaundi, vimeshikana kwa uwiano wake mmoja kwa mmoja na vimeacha tabia zao, maana sodiamu peke yake ukiitia kwenye maji inawaka na klorini peke yake ni sumu, na sisi tunaitia kwenye kachumbari.

Hapo kijana mmoja wa nyuma, hajawahi kunyoosha mkono tangu Januari, kanyoosha. "Madam, lakini hiyo mmekausha vibaya." Darasa likacheka. Nikamwambia endelea. Baba yake anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi. Anasema kule hawaachi maji yakauke yote, chumvi ikishajijenga yale maji ya mwisho wanayamwaga, yakikaukia humohumo chumvi inakuwa chungu. Nikakaa kimya kidogo. Mtoto kanieleza ukristalishaji wa hatua kwa hatua bila kujua jina lake, chumvi ya kula inatangulia kujitenga, zile za magnesiamu zinazoleta uchungu zinabaki kwenye maji mpaka mwisho. Nikaonja ya kwetu kwa akili tu, maabara hatuonji kitu, hiyo ni sheria namba moja, lakini najua ilikuwa chungu.

Saa 4 na nusu. Chai na mihogo ofisini. Mwalimu wa historia anajenga, analalamika bei ya bati. Nikamchokoza kwamba bati lenyewe lile si bati, bati halisi ni elementi yenye alama Sn, la paa ni chuma kimepakwa zinki kisishike kutu. Akaniambia "wewe nenda dukani kaombe chuma kilichopakwa zinki uone watakupa nini". Sikuwa na jibu.

Saa 5 mpaka saa 7. Maabara, fomu thrii. Karatasi za litmasi, zile za kupimia kipi asidi kipi besi, zimeisha tangu mwezi uliopita kwa hiyo nilichemsha rozela usiku, ile ile ya juisi. Makundi sita, kila kundi vikombe vitano. Kwenye asidi rozela ni nyekundu, kwenye besi inageuka kijani. Ndimu: inabaki nyekundu ya kuwaka. Siki vilevile. Maji ya chumvi hakuna kipya. Magadi: kijani chafu papo hapo, wakapiga kelele. Maji ya majivu: kijani tena. Wakashangaa majivu yanahusiana nini na magadi, na hapa ndo huwa nanogewa mwenyewe. Neno alkali, yaani besi inayomumunyuka kwenye maji, limetoka kwenye Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea fulani ya kwenye chumvichumvi, watu walikuwa wanayatumia kutengeneza sabuni na vioo. Na ile herufi K ya potasiamu inayowasumbua kila mwaka, kwamba mbona potasiamu haianzi na K, inatokana na kalium, Kilatini kilichochukuliwa humohumo kwenye qali. Kwa hiyo kwenye jedwali la elementi kuna majivu ya jikoni yamekaa pale namba 19. Tangu nianze kulielezea hivyo hawalikosei.

Rozela iliyobaki nikaitia kwenye chupa ya maji nikaweka mkobani.

Saa 8. Fomu thrii mkondo mwingine, moli, yaani namna ya kuhesabu atomu kwa mizani, kwenye joto la mchana, wengine macho mekundu. Zamani nilikuwa naanza na namba, 6 na sifuri 23 nyuma, wanakufa hapohapo. Sasa hivi naanza na duka la vifaa vya ujenzi. Misumari inauzwaje? Kwa kilo. Kuna fundi anahesabu mmoja mmoja? Hakuna. Haya, kilo ya inchi mbili na kilo ya inchi nne, ipi ina misumari mingi? Inchi mbili, hata anayesinzia anajua. Sasa nikitaka idadi iwe sawa nifanyeje? Wakabishana, mwisho binti mmoja akasema unapima ile mikubwa uzito mwingi zaidi. Basi kwisha, umeshaielewa moli. Atomu ni misumari midogo mno huwezi kuhesabu, unapima kwenye mizani. Gramu 12 za kaboni na gramu 56 za chuma, idadi ya atomu ni ileile kwa sababu atomu ya chuma ni nzito. Maji ni gramu 18, zaidi kidogo ya kijiko kikubwa, na humo kuna molekuli idadi hiyohiyo ya kutisha. Namba yenyewe nikaiandika mwisho kabisa dakika tano kabla ya kengele, hakuna aliyeshtuka.

Saa 10. Kusahihisha. Daftari la 23, "atomu ni kitu kidogo kisichoonekana". Hata jini hivyo basi. Nusu maksi.

Saa 12 jioni. Mama jirani bado yupo barazani. Nikamuuliza vizuri, mama ukisema haina kemikali unamaanisha nini? "Haichubui. Nikiuza mbichi inachubua, mi naiacha wiki nne ndo natoa." Yaani anasubiri kostiki ile imalizane na mafuta, viishe vyote viwe sabuni na gliserini. Anajua kila kitu, ila neno tu. Nikatoa chupa ya rozela nimuonyeshe, nikadondosha tone moja juu ya kipande, sabuni yoyote ya hivi ni besi kidogo, rangi ikageuka bluu ya kijivu hivi. Akaitazama, akanitazama.

"Sasa hicho nani atanunua?"

Nikalipia viwili.