Timazi Juu ya Ukuta wa Mawe

Tetemeko la Kagera lilipiga Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na dakika 27 alasiri, kwa ukubwa wa 5.9. Siku ya tano baadaye nilikuwa nyuma ya nyumba moja nje kidogo ya mji wa Bukoba, chini ya ukuta wa mawe wenye kimo cha mita tatu uliojengwa kuzuia udongo wa mteremko. Nilikuwa mhandisi kijana, na kanuni ya Mononobe na Okabe, Wajapani walioiweka katika miaka ya 1920 ili kukadiria msukumo wa udongo wakati wa tetemeko, nilikuwa nimeitumia kwenye mitihani tu.

Fundi mzee niliyefuatana naye aliteremsha timazi, uzi wenye uzito nchani wa kupimia wima, kutoka ukingo wa juu, akangoja uzi utulie, kisha akaniita nipime. Chini, uzi ulikuwa umeachana na jiwe kwa sentimita tisa: ukuta ulikuwa umeinamia nje. Huko juu, ardhi ilikuwa na ufa uliokwenda sambamba na ukuta, mpana wa kutosha kuingiza kiganja.

"Mwanangu, ardhi ilikwenda ikarudi," aliniuliza. "Mbona ukuta haukurudi?"

"Mzee, udongo umeziba njia ya kurudia."

Ndivyo ilivyo. Kila mtikisiko unaposukuma ukuta nje, udongo huufuata na kujaza nafasi iliyoachwa; mtikisiko unapogeuka, udongo uleule, ukishabanwa, hukaidi kwa nguvu kubwa mara nyingi kuliko ile uliyosukumia, hivyo ukuta hutembea upande mmoja tu, kidogo kidogo. Asubuhi yake tulikuwa tumeona jambo linalofanana na hilo kwenye daraja dogo: kuta zake za ncha mbili zilikuwa wima, kwa sababu sakafu ya zege ilizikinga zisiinamiane kwa juu, lakini kifusi nyuma yake kilikuwa kimedidimia na kuacha ngazi iliyowalazimu wenye pikipiki kushuka na kusukuma.

Mzee alichomeka kipande cha nondo katika tundu la kutolea maji, na tope likamtiririkia mkononi. Matundu mengine yote yalikuwa yameziba. Udongo uliojaa maji ni mzito, na naamini hadi leo kwamba uzito ule uliuumiza ukuta kuliko upungufu wowote wa mawe.

Tulimwomba mama mwenye nyumba ahamishe vitanda vya watoto kutoka vyumba vya nyuma. Tukavibeba naye hadi sebuleni, ndipo tukarudi kuzibua matundu.