Kitambaa cha meza chenye maji
Mimi mtoto wa Likoni, nilidhani bahari naijua. Vuka Mlango wa Drake kwanza, ile bahari ya mawimbi makali chini ya Amerika Kusini, siku mbili kwa meli kutoka Ushuaia, Argentina, hadi Antaktika, ndio tuongee.

Nilikuwa mhudumu kwenye meli ya watalii. Jioni ya kwanza bosi wa mgahawa wa meli akaniambia nilowanishe vitambaa vya meza. Nikadhani ananitania. Kumbe kitambaa kikiwa na maji, sahani hazitelezi! Supu tukatia nusu bakuli. Kwenye vishikio vya korido tukachomeka mifuko ya kutapikia, na wa kwanza kuuchomoa mmoja nilikuwa mimi, si mgeni. Nikatapika, nikanawa uso, nikarudi na tabasamu langu kuuliza nani anataka chai.

Bibi mmoja wa miaka themanini na ushei hakukosa mlo hata mmoja. Anakula huku mkono wa kushoto umeng'ang'ania meza, ananicheka.

Tulipofika, wageni walishuka kwa zamu, maana nchi kavu hawaruhusiwi kuzidi 100 kwa wakati mmoja, na buti lazima zisafishwe kwa dawa. Sisi tukabaki na vyombo. Siku ya tatu ndipo nikapata nafasi kwenye boti. Jamani, pengwini wananuka! Kwenye picha hamtaambiwa.