Wageni wa michezo waja, tuwatunze

Jana nilihudhuria mafunzo ya sisi tuliojitolea kupokea timu za michezo ya kitaifa hapa Mombasa, na bado nina furaha kubwa. Soka, voliboli, netiboli, hoki, riadha, zote mjini kwetu! Malazi na usafiri tuliyapitia haraka. Tuliloliongea sana ni joto.

Wengi mnakumbuka 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia kwenye uwanja wa gofu wa Mombasa. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka 5 mfululizo, alijitoa kabla ya kumaliza. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Hewa yetu ina unyevu, jasho halikauki upesi, basi mwili unashindwa kupoa. Kijana aliyezoea baridi ya Nyandarua hajakutana na hali hiyo. Mimi naona mbio ndefu ziwe alfajiri, na kila kiwanja kipate kivuli, maji na barafu kabla ya kufikiria jukwaa la waheshimiwa (jukwaa hilo limezungumzwa mno).

Ndugu zangu wa Likoni, wengine watavuka na feri pamoja nasi asubuhi. Wapisheni, waonyesheni njia. Na mama zangu wa mahamri na mbaazi, ongezeni unga, vijana hawa wanakula!

Nafasi za kujitolea bado zipo. Tunawahitaji hasa wenye ujuzi wa huduma ya kwanza. Niandikieni hapa, nitawaunganisha leo leo.