Nilivyopata mada ya tasnifu kuhusu ndege zinazokula mafuta kidogo

Hili suala la ndege na mafuta linaniuma kweli, na sababu ni moja tu, kila kilo ya mafuta ya ndege ikiungua inatoa karibu kilo 3.16 za kaboni dayoksaidi na hapo hakuna ujanja, huwezi kufunga chujio nyuma ya injini ukaikamata, ukitaka kupunguza hewa hiyo kutoka kwenye mafuta tuliyonayo leo basi uchome kidogo. Kwa hiyo nilipofika mwaka wa mwisho eneo nilishalijua, kazi ikawa kupata swali. Ukiuliza watu huyu anakwambia haidrojeni, yule betri, mwingine mafuta yanayotokana na mimea na mafuta ya kula yaliyotumika, mwingine ndege yenye mwili na mabawa vilivyoungana kuwa kitu kimoja, zote nzuri tu, ila tasnifu inaandikwa na mtu mmoja mwenye kompyuta moja na tarehe ya kukabidhi.

Kilichonifungulia njia ni kanuni ya Breguet. Aliyesoma uinjinia wa ndege kakutana nayo, ni fupi na inasema umbali ambao ndege inaweza kuruka unategemea mambo manne: mwendo, injini inavyokula mafuta, uwiano kati ya nguvu ya kunyanyua na ukinzani wa hewa, na uzito wa ndege mwanzo wa safari ukigawanya kwa uzito wake mwisho wa safari. Nikaiandika kubwa nikaibandika ukutani, alafu kila wazo nililosoma nikawa naliweka chini ya sehemu linayoigusa. Injini zenye gia kama PW1000G ya Pratt & Whitney iliyoanza kubeba abiria 2016 zikaenda kwenye ulaji wa mafuta, pamoja na ile feni ya wazi, isiyofunikwa na ganda, ya mpango wa RISE wa watengenezaji wa injini CFM uliotangazwa 2021. Kompoziti, yani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, kama zile zinazobeba karibu nusu ya uzito wa muundo wa Boeing 787 zikaenda kwenye uzito. Mabawa yakaenda kwenye ukinzani. Mistari meupe ambayo ndege inaacha angani haikukaa popote kwenye kanuni, na mimi naona ni moja ya mambo makubwa sana maana nayo inapasha joto dunia, ila inadai ujue unyevu wa hewa ya juu kwa undani na hapo ni kazi ya watu wa hali ya hewa zaidi kuliko mimi.

Baada ya hapo nikawa nauliza kila wazo maswali mawili. Naweza kulikokotoa mwenyewe kwa programu za bure? Na nikishapata namba, kuna ndege halisi au data ya wazi ya kuilinganisha nayo? Programu zipo, tena nzuri, OpenVSP iliyotoka NASA unachora nayo ndege nzima, XFOIL ya Mark Drela wa MIT inakupa tabia ya umbo la bawa kwa sekunde chache, SU2 iliyoanzia Stanford ni ya hesabu nzito za mtiririko wa hewa. Swali la pili ndio liliua mawazo mengi. Injini niliipenda sana ila data za ndani za kompresa, ile sehemu inayobana hewa, watengenezaji wanazifungia kabatini, utajenga modeli alafu huna cha kuipima nacho.

Betri nilizipiga hesabu kwa mkono kabla sijaziacha. Kilo ya mafuta ya ndege ina nishati kama megajuli 43, betri nzuri ya watt-saa 250 kwa kilo ni megajuli 0.9. Mtu atasema mota ya umeme ina ufanisi mkubwa kuliko tabini, sawa, mpe mota asilimia 90 na injini ya mafuta 40, bado unabaki na megajuli 17 dhidi ya 0.8, yani mara 20 hivi. Na betri haipungui uzito ukiwa njiani, wakati ndege ya mafuta inazidi kuwa nyepesi kadiri inavyokwenda. Kwa ndege ndogo za safari fupi sana ni mada safi kabisa, ila mimi nilitaka zile ndege za abiria 150 hadi 200. Haidrojeni nayo kilo yake ina megajuli 120, raha, ila hata ukiipoza ikawa kimiminika kwa nyuzi 253 chini ya sifuri inataka nafasi kama mara nne ya mafuta ya kawaida kwa nishati ileile, hivo huwezi kuiweka ndani ya bawa, tasnifu nzima inageuka kuwa tasnifu ya tanki.

Nikabaki na mabawa, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kwa sababu utamu wote uko hapa. Ukinzani unaotokana na bawa kunyanyua ndege unashuka kwa mraba wa urefu wa bawa ncha hadi ncha. Toa mita 36 peleka 40, uzito uleule mwendo uleule, ukinzani huo unashuka kama asilimia 19. Sasa kwanini Airbus A320 na Boeing 737, ndege za ukubwa ninaoutaka, mabawa yake yote yanaishia chini kidogo tu ya mita 36? Kwa sababu ya geti, yani sehemu ya kuegesha ndege uwanjani! Ndege za kundi C la ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, lazima ziwe chini ya mita 36, ukizidi unahamia kundi la ndege kubwa na maegesho yake. Boeing kwenye 777X walilikabili tatizo kama hilo kwa kukunja ncha, hewani ina mita 71.8, ikitua inakunja inakuwa 64.8 ikaingia kwenye geti za chini ya mita 65. Nilipoliona hilo nikasema basi swali langu limepatikana, kwenye ndege ya abiria 150 hadi 200 hiyo hinji, yani bawaba ya kukunjia ncha, na mota zake na bawa lililorefuka vina uzito, na huo uzito unapandishwa juu kila safari, je mafuta unayookoa yanaulipa au hayaulipi?

Supavaiza alisoma ukurasa wangu akaniuliza, "Jibu likitoka kwamba hailipi, bado una tasnifu?" Nikamwambia ndio prof, maana hata hivyo ntakua nimeonyesha ni kuanzia umbali gani wa safari inaanza kulipa. Akakubali ila akanikata pembeni, nilitaka kuweka na nguzo ya kushikilia bawa kama ya X-66, muundo wa ndege ya majaribio wa NASA na Boeing, akasema hesabu za muundo wa nguzo ni tasnifu nyingine, toa. Nikatoa. Mwili wa ndege ukabaki uleule, injini ileile, abiria walewale, vinavyobadilika ni vitatu tu: urefu wa bawa, mahali pa hinji, na umbali wa safari.

Kazi ya kwanza aliyonipa haikuwa hata kurefusha bawa. Alitaka nichore ndege ya mita 35.8 kama ilivyo leo na nipate ulaji wa mafuta unaokaribiana na uliochapishwa, nikishafika hapo ndio niruhusiwe kugusa hinji.