Kaunta buku la hadithi za hekima, Mikindani: lilipofikia

Kaunta buku la kwanza limejaa hadi jalada la nyuma. Kwa anayekutana na kazi hii leo: nakusanya hadithi za hekima za watu wa kila pembe ya dunia, nazisimulia barazani kwetu baada ya isha. Wasikilizaji ni watoto wa mtaani, vijana wachache, na wazee ambao kila siku hudai walikuwa wanapita tu.

Kila hadithi nimeipa ukurasa mmoja. Juu naandika mifupa yake kwa mistari mitano au sita: nani, anataka nini, nani anamzuia, analipatia wapi au analikosea wapi. Sentensi ya kwanza na ya mwisho naziandika kamili, na kama kuna wimbo nao pia. Yaliyobaki nayaacha mdomo uyatafute. Hadithi ikiandikwa yote inakuwa risala.

Mwezi huu muda mwingi umekwenda kwa kima na papa. Wengi tumeisikia: papa amembeba kima mgongoni kumpeleka kwao, katikati ya bahari anamwambia sultani wao mgonjwa na dawa ni moyo wa kima, naye kima anajibu kwamba mioyo yao huiacha mtini, warudi wakauchukue. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapa London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine alizozisikia Unguja. (Ni Steere huyohuyo aliyefika Masasi mwaka 1876 na watu waliokombolewa utumwani.) Nilipoifuatilia nyuma nikaikuta India, katika Panchatantra, kitabu cha kale cha hadithi za wanyama, na katika Jataka, hadithi za Wabuddha za maisha ya awali ya Buddha, huko mbebaji akiwa mamba. Ibn al-Muqaffa alipoiandika kwa Kiarabu katika karne ya 8, katika Kalila na Dimna, mbebaji ni kobe. Korea aliyebebwa ni sungura, na kinachotakiwa ni ini. Moyo uwe ini, papa awe kobe, ujanja wa mtini haubadiliki. Hata punda wa dobi, yule asiye na moyo wala masikio ambaye kima anamsimulia papa mwishoni, ametoka hukohuko India. Nimewaachia papa wetu, maana pwani hii nani atakaa kumsikiliza mamba baharini? Ila mtoto mmoja wa mvuvi alinikatisha: "Babu, ngozi ya papa ni msasa. Huyo kima angefika ametoka ngozi matakoni." Sasa kima wangu anapanda na mkeka wake.

Ya harufu ya chakula haikunipa shida. Maskini anakula chakula kikavu karibu na nyama ya tajiri inayochomwa, tajiri anadai alipwe harufu, na hukumu inakuwa alipwe kwa mlio wa sarafu. Huku mwamuzi tunamjua ni Abunuwasi, Japani wanampa Ōoka Tadasuke, kadhi wa kweli wa mji wa Edo aliyefariki mwaka 1752. Naisimulia kwa Abunuwasi, kisha nikiulizwa namtaja na Mjapani.

Goso ndiyo iliyoleta mzozo. Nayo ni ya kwa Steere: mwalimu Goso anafundisha chini ya mbuyu, paa anapanda kuiba matunda, buyu linaanguka linamuua mwalimu. Wanafunzi wanasaka muuaji. Wanalikamata kusi, upepo ulioangusha buyu, kusi linasema lingekuwa na nguvu lisingezuiwa na kiambaza, ukuta wa udongo. Kiambaza nacho kinamtaja panya, panya paka, paka kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, hivyo hivyo hadi kwa paa. Paa anashikwa na bumbuwazi, hana jibu, anauawa. Watoto walipenda mnyororo, waliuitikia kwa pamoja. Wazee waling'ang'ania mwisho: aliyekusudia kuiba matunda anauawa kwa kosa la kuua? Mmoja akasema kunyamaza si kukiri. Mwingine akasema mbele ya kadhi asiye na subira, ni kukiri. Mabishano yalipigwa mpaka mke wangu akazima taa ya nje.

Tangu hapo sitoi funzo mwishoni. Nimezipanga upya kurasa kwa kesi, si kwa nchi: nani mwenye hatia, nani mwenye haki ya mali, ahadi gani inaweza kuvunjwa. Zile ambazo funzo lake limeshatamkwa kabla mtu hajakohoa nimezitoa, hata kama ni nzuri kusoma.

Ya Kimakonde nimeipata kwa bibi mmoja wa upande wa Mahuta, juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Mtu wa kwanza, asiyenawa wala kunyoa, anachonga sanamu ya mti, usiku inakuwa mwanamke. Watoto wanaozaliwa karibu na mto wanakufa. Wa kwanza kuishi anazaliwa juu, Mahuta. Mjerumani Karl Weule aliiandika alipopita huko mwaka 1906, na mifupa ni ileile. Bibi ameongeza lake: "Yule mama wa mti alituchagulia juu, mjukuu wangu, maji akayaacha chini. Nani aliyateremkia na ndoo?" Hiyo nimeiandika kama sentensi ya mwisho, neno kwa neno. Ameniruhusu kuisimulia; ya unyagoni amekataa, nami sikuomba mara ya pili.

Kaunta buku la pili linaanza na Nabii Suleiman na wanawake wawili wanaogombea mtoto. Pembeni yake nitaweka ile ya Jataka ambamo mtoto anavutwa huku na huku mpaka mama halisi anamwachia. Ninachokitafuta sasa ni hadithi ya Kimwera au Kiyao ambamo Sungura anashindwa kesi. Anazoshinda ninazo tele.